Kipochi cha sufu: ukifelti kwa mkono kwenye beseni au ukitie kwenye mashine?

Mtu akishamaliza kufuma kipochi chake cha kwanza cha sufu swali ni lile lile, sasa nakifelti vipi, nikisugue kwa mkono kwenye beseni au nikitie tu kwenye mashine ya kufulia? Jibu langu natoa mapema kwa asiyetaka kusoma yote: kama ni kimoja, kidogo, na ndo mara yako ya kwanza, fanya kwa mkono. Kama unafuma vingi vya kuuza na una mashine ya kufungulia juu, tumia mashine. Ile ya mlango wa mbele inaweza pia, tena inaweza vizuri, ila inataka uijue kwanza. Nimeandika kwa urefu kwa sababu sufu ikishagandana imegandana, huwezi kukiloweka wala kukivuta kikarudi kilivyokuwa, na kazi ya wiki nzima ya kufuma inaamuliwa ndani ya lisaa limoja hilo.

Kwa ambaye hajawahi kufanya hii kitu, kufelti ni hivi: unafuma kipochi kikubwa kuliko unachotaka, tena vitanzi vilegevu kabisa mpaka unaona mwanga katikati, alafu unakipitisha kwenye maji ya moto na sabuni huku unakisugua sugua mpaka kinanywea, kinakuwa kinene, vitanzi vinapotea na unabaki na kitambaa kizito ambacho hata ukikikata na mkasi hakifumuki. Siri iko kwenye unywele wenyewe wa kondoo. Una magamba madogo sana yamelala upande mmoja kama ya samaki, sasa maji ya moto yanaulainisha, sabuni inaufanya uteleze, na ukisugua kila unywele unasogea kuelekea kwenye shina lake, ukitaka kurudi magamba ya jirani yanaushika. Kwa hiyo kinachofanya kazi hasa ni KUSUGUA. Maji ya moto peke yake hayafanyi kitu cha maana, loweka usiku kucha asubuhi utakikuta vile vile. Shika hapo maana tofauti yote ya mkono na mashine inatokana na nani anasugua na anasugua wapi.

Kabla hatujafika huko, uzi. Hapa ndo watu wengi wanapotezea hela na muda. Nyuzi nyingi za sweta zinazouzwa madukani kwetu, yale mabonge mazuri yenye rangi zote za kupendeza, ni akriliki, yaani nyuzi za plastiki, na akriliki haifelti hata uisugue mpaka vidole viote malengelenge, wala mkono wala mashine havitakusaidia. Muuzaji atakwambia ni sufu kwa sababu dukani kila uzi mnene unaitwa sufu, sio kwamba anakudanganya. We kata kipande kidogo ukichome juu ya sinki: sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu linalosagika kwa vidole, akriliki inayeyuka inakuwa kidonge kigumu cheusi. Kipimo kingine hakihitaji hata moto, chukua ncha mbili za uzi, zilowanishe, zisugue kwa nguvu katikati ya viganja, kama ni sufu inayofelti zinashikana zinakuwa uzi mmoja.

Na sio kila sufu halisi inafelti. Kuna ile iliyoandikwa superwash, hiyo kiwandani wameshughulikia yale magamba, yamepunguzwa makali na kupakwa utomvu mwembamba wa plastiki makusudi ili sweta lisinywee likifuliwa, ni nzuri kwa soksi za mtoto lakini kwa kazi yetu haifai kabisa. Nyeupe pee iliyopaushwa nayo mara nyingine inakuwa mkaidi, ifanyie sampuli kwanza.

Kwa sisi wa huku Afrika Mashariki kupata sufu ya kweli njia ziko chache ila zipo. Kondoo wetu wengi, hawa wa Kimasai wenye mkia wa mafuta, wana manyoya mafupi kama ya mbuzi, hayasokotwi. Kondoo wa sufu wapo nyanda za juu za Kenya, Nyandarua, Molo, Timau huko, wakina Merino na Corriedale, na kuna wanawake wanasokota kwa mkono na kutia rangi, mfano Kenana Knitters pale Njoro na Nanyuki Spinners and Weavers kule Nanyuki. Njia ya pili ambayo mi naipenda sana ni mtumba. Sweta la mtumba ambalo lebo yake imeandikwa wool, au laine kama limetoka Ufaransa, Wolle kama Ujerumani, lana kama Italia au Hispania, na halijaandikwa kitu kingine chochote pembeni, hilo ni hazina. Ligeuze ndani uangalie maungio: kama kingo zimekatwa na kupigwa ovaloki achana nalo, ukilifumua utapata vipande vipande vifupi, kama kingo ni nzima zimeshonwa tu pamoja utafumua uzi mrefu mmoja. Alafu angalia lisije likawa limeshafuliwa likagandana, hilo halifumuki tena (ila unaweza kulikata na kulishona mkoba moja kwa moja, kazi imeshafanywa na mtu mwingine).

Kipochi kidogo kinakula kama gramu 100 mpaka 150 hivi. Uzi ambao kawaida ungeufumia sindano ya milimita 4.5 au 5, kwa kufelti panda mpaka 6.5 au 8, usiogope ulegevu, nyuzi zinahitaji nafasi ya kusogea.

Sasa tulinganishe wenyewe.

Kitu cha kwanza na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote, uwezo wa kuona kinachoendelea. Kwa mkono kipochi kiko mbele ya macho yako muda wote. Unasikia kinavyobadilika, mwanzo kinakuwa kama tambara lililolowa na kwa kweli kinatanuka kidogo, hapo watu wengi wanaogopa wanadhani wameharibu, usiogope ni kawaida, baadae kinaanza kushikana, unasikia kinakuwa na mwili. Na unaweza kusugua sehemu moja zaidi ya nyingine, uwezo huo mashine haina hata ikiwa ya bei gani. Kitako unakitaka kigumu kisimame? Kisugue zaidi. Upande mmoja umebaki mrefu? Unaufanyia kazi huo peke yake, na unasugua kuelekea upande unaotaka upungue, ukitaka urefu upungue sugua kwa urefu. Kwa mashine unakabidhi. Ile ya kufungulia juu angalau unaisimamisha, unafungua, unakitoa, unakipima, unarudisha, kila baada ya dakika 5. Ya mlango wa mbele ikishajifunga imejifunga mpaka imalize, au mpaka imwage maji kwanza, na dakika chache tu zinaweza kuwa tofauti ya mkoba wa kutokea na kipochi cha kuwekea simu.

Hapo pia ule uzi unaingia. Uzi uliosokotwa kwa mkono una sehemu nene na nyembamba, haugandani kwa kasi moja, kwa hiyo nashauri mkono kwa nguvu zote. Uzi wa kiwandani ambao unajulikana tabia yake, kama una ndugu Ulaya au Marekani anakuletea Cascade 220 au ule wa Iceland unaitwa Lopi, huo ukishafanya sampuli moja unajua utapungua kiasi gani na mashine itakupa jibu lile lile kila mara, tena Lopi inagandana haraka hivyo chunga. Uzi wa mtumba upo katikati, hujui historia yake, mi ningeanza na mkono.

Cha pili muonekano, na hapa nasema ukweli mashine inashinda kama unachotaka ni kitambaa kile kilichogandana haswa, kinene, sawasawa pande zote, vitanzi havionekani kabisa. Ngoma inapiga kila sehemu bila kuchoka. Kwa mkono kufika huko inawezekana lakini inachukua muda, na wengi wanaishia pale vitanzi vinaonekana kwa mbali bado, kitambaa laini zaidi. Mi binafsi napenda hivo, naona kama kazi ya kufuma bado inaonekana, haswa kama umechanganya rangi mbili tatu kwa mistari maana mistari inabaki imenyooka. Lakini kipochi laini hakisimami chenyewe, kitahitaji bitana ngumu ndani, na cha mashine kikigandana vizuri kinaweza kukaa bila bitana kabisa. Kwa hiyo kama hujui kushona bitana hilo lihesabu.

Mikunjo ni shida ya mashine. Ikifika hatua ya kukamua kwa kuzungusha inakibana kipochi ukutani, mkunjo ukikaa kwenye sufu yenye joto unaweza kubaki humo humo. Ukiwa na ya kufungulia juu kitoe kabla ya kukamua, kifunge kwenye taulo ukikanyage kanyage maji yatoke. Ukiwa na ya mlango wa mbele chagua mzunguko wa chini kabisa na ukitoe mara tu inapomaliza, usiende sokoni ukakiacha.

Muda na nguvu. Kwa mkono tegemea nusu saa kwa sufu inayokubali haraka, na lisaa limoja au zaidi kwa mkaidi, mikono inachoka kweli kweli na maji yanapoa lazima uongeze ya moto. Vaa glovu za jikoni, zina faida mbili, joto na mshiko. Kama una maumivu ya viungo vya vidole au mkono uliwahi kuvunjika, hapa usijitese, mashine ndo yako. Kwa mashine kazi yako ni kusimama karibu tu, mzunguko mmoja au miwili. Vipochi vitano kwa mkono ni siku nzima imekwenda, kwa mashine ni mchana mmoja, na anayeuza anajua maana yake.

Maji na umeme sitakaa sana. Kwa mkono ni beseni mbili, moja ya moto moja ya baridi, na sufuria au birika jikoni. Mashine inakula maji mengi na ya mlango wa mbele inapasha yenyewe kwa umeme wa LUKU wako. Za kufungulia juu nyingi huku zimeungwa bomba la baridi tu, na zile za matenki mawili pia, itabidi umwage maji ya moto mwenyewe, soma kwanza kitabu chake kinaruhusu joto kiasi gani maana matenki ni plastiki. Kama mtaani kwenu maji yanatoka kwa mgao, mkono.

Kuna na hatari kwa mashine yenyewe, hili watu hawaambiwi. Sufu inapogandana inaachia manyoya mengi, yanaenda kwenye chujio na pampu, yakijazana maji hayatoki. Kwa hiyo kipochi kinaingia ndani ya foronya yenye zipu, au foronya ya kawaida uishone mdomo kwa muda, na baada ya kazi safisha chujio. Kama mashine ni ya mwenye nyumba au mnachangia wapangaji, fikiria mara mbili. Foronya lakini inapunguza msuguano, ndo maana unatupia na jinzi kuukuu moja au mbili ambazo haziachii rangi, zinapiga zinasugua. Usitie taulo, manyoya yake yanashikana na sufu na hayatoki tena.

Sabuni ni ile ile pande zote: sabuni ya mche, ikwangue vipande vidogo uyeyushe, au ya maji ya vyombo matone machache tu. Povu likizidi nyuzi zinaelea badala ya kusuguana. Poda za kufulia zenye vimeng'enya vya kula madoa achana nazo, madoa mengi ni protini na sufu nayo ni protini, inadhoofika. Suuza la mwisho weka siki kidogo kwenye maji, inaondoa sabuni iliyobaki.

Kwa mkono unaanzaje? Tia kipochi kwenye maji ya moto kiasi mikono yenye glovu inavumilia, kama nyuzi joto 45 au 50 hivi, na ndani yake weka mfuko wa nailoni ili upande wa mbele na wa nyuma usije ukashikana, hii ni lazima, na uingize mkono mara kwa mara kuutenganisha. Dakika 10 za kwanza sugua taratibu, ukianza kwa nguvu utavuta vitanzi. Baada ya hapo ndo unaongeza nguvu, unakisugulia kwenye ubao wa kufulia au kitu chochote cha plastiki chenye mawimbi, unakikunja unakiviringisha, unakigeuza. Ukiona kimezubaa kipige kwenye maji ya baridi, rudi kwenye moto, endelea kusugua.

Kwa mashine ya kufungulia juu: kiwango cha maji cha chini kabisa, moto kadri inavyoruhusu, mzunguko wa nguvu, na usiondoke hapo. Ya mlango wa mbele: usikimbilie 60 siku ya kwanza. DROPS, kampuni ya nyuzi ya Norway, ambao maelekezo yao ya kufuma vitu vya kufelti watu wengi wanayafuata, wanaelekeza nyuzi joto 40 bila fua ya awali, na kama hakijatosha unarudia. Huo ndo utaratibu mzuri, 40 mara mbili ni salama kuliko 60 mara moja, maana ukizidisha hakuna dawa. Ndugu zangu mlioko Uingereza, Ujerumani na huko kote mna mashine za aina hii majumbani, basi mimi ningekuwa na moja ningefanya hivi: 40 mara moja mashine ianze kazi ngumu, kisha nakitoa nakimalizia kwa mkono kwenye sinki, nakipa umbo ninalotaka. Unapata unene wa mashine na macho ya mkono. Naona hii ndo njia bora kuliko zote kwa mwenye vifaa, sema inahitaji mashine isiyokigandisha kabisa ndani ya raundi ya kwanza, na hilo sampuli itakwambia.

Sampuli hairukwi. Fuma mraba wa sentimita 15 kwa 15 kwa uzi ule ule na sindano ile ile, upime, ufelti kwa njia utakayotumia kwenye kipochi (sio sampuli kwa mkono alafu kipochi kwa mashine, utapata majibu mawili tofauti), upime tena. Sufu iliyofumwa kawaida inapungua zaidi kwa urefu kuliko upana, mara nyingi karibu asilimia 30 urefu na 20 upana lakini uzi wako una hesabu yake. Kwa kipimo hicho ukitaka kipochi cha upana 24 na kimo 22 unafuma upana 30 na kimo 32 hivi, kitaonekana kirefu cha ajabu, kiache kilivyo.

Mdomo wa kipochi nao unapenda kutanuka na kuwa na mawimbi njia zote mbili, kwa mashine zaidi. Kabla ya kufelti upitishie uzi wa pamba kwa mishono mirefu milegevu uufunge kidogo, pamba haigandani kwa hiyo unauvuta tu mwishoni. Mshikio kama umeufuma kamba ya vitanzi vitatu au vinne, kwa mkono acha umeshonewa tayari, kwa mashine mi nashauri uufelti pembeni ndani ya foronya yake na uushone baadae, ukiwa pamoja unajizungusha kwenye kipochi, unavutika, unatoka mrefu kuliko ulivyopanga.

Kipimo cha kujua wakati wa kuacha ni hiki: kikifika ukubwa unaotaka simamisha, hata kama vitanzi bado vinaonekana. Kama umefika unene unaotaka ila bado kikubwa, simamisha vile vile kwa mara ya kwanza, kikaushe, uone, unaweza kurudia kesho kwa maji mapya. Kukausha kijaze mifuko ya plastiki au kijitabu kinene au boksi dogo ulilolifunga nailoni, kivute kitambaa kikae sawa juu yake kingali kibichi maana umbo kinalokaukia ndo kitabaki nalo, kivulini penye upepo, siku moja mpaka tatu kutegemea hali ya hewa, Mbeya au Njombe wakati wa baridi hesabu zaidi.

Kikishakauka kabisa ndo unaweka bitana kama ulichagua, na kifungo, vile vya kifuu cha nazi vinakaa vizuri sana kwenye sufu ya kahawia au kijivu. Tundu la kifungo halifumwi, unapima kifungo, unakata mpasuko mfupi kuliko kifungo chenyewe na mkasi mkali, kitambaa kikiwa kimegandana sawasawa hakitachomoka hata uzi mmoja, na kikichomoka ujue bado kinadai dakika 10 za beseni.